Kikao kinaisha Jumatano Dar, nataka nikapige mbizi kabla ya kurudi Njombe. Nipangeje?

BintiLupembe
Wakuu kamwene, na wale wa Mbeya mugonile. Niko na kampuni ya parachichi huku Njombe, mwezi wa saba bosi ananituma Dar kipindi cha Sabasaba kukutana na wanunuzi, vikao vinaisha Jumatano jioni na ofisini natakiwa Jumatatu asubuhi. Sasa hizo siku katikati nimesema sirudi mbio kama kila mwaka, nataka nikapige mbizi ile ya mtungi mgongoni, sio ile ya kuelea juu na miwani, hiyo nshafanya Matema nikiwa mdogo. Mume wangu anasema mwanamke wa Lupembe anatafuta nini chini ya bahari, nimemwambia atajua nikirudi.

Sina cheti chochote. Kuogelea naogelea, sio kwa mbwembwe lakini sizami. Maswali yangu ni haya, Mafia au Unguja, mtu asiye na cheti anaruhusiwa kushuka au mpaka kozi, na je nikizama Jumamosi mchana af Jumapili alfajiri nikapanda basi kuna shida? Maana mtu mmoja ofisini kaniambia ukitoka chini ya maji hauruhusiwi kupanda ndege, mi nikamwambia basi napanda basi, shida iko wapi.

Kipanga_Makambako
Hela ya parachichi hiyo inaongea 😂 sisi wa viazi tunaendelea kuzama kwenye madeni. Niko siti ya mbele, ngoja waje wanaojua.

ChogoMafia
Dada njoo Mafia, usisikilize mtu. Chole Bay ina matumbawe ambayo ukiyaona utasahau hizo parachichi, kasa wapo, taa wapo, na watu sio wengi, hakuna maboti kumi yamepanga foleni juu ya kichwa chako. Hifadhi ya bahari ipo toka 1995, ndo ya kwanza nchini, samaki wameachwa wakakua. Na papa potwe je, samaki mkubwa kuliko wote duniani na mpole kama ng'ombe wa maziwa.

MbaoMafinga
Chogo usimdanganye dada wa watu, potwe wa Kilindoni ni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, mwezi wa saba atakuta bahari ya kusi na mawimbi. Atapanda boti ya Nyamisati atapike mpaka chai ya juzi.

BintiLupembe mi nimefanya kazi kituo cha kuzamia Nungwi kabla sijarudi huku kwenye mbao, kwa hiyo nikujibu swali lako la mwisho kwanza coz hilo ndo la maana kuliko mengine yote, hayo mengine ni ladha tu.

Basi ndiyo shida. Yule wa ofisini kwako kakwambia nusu. Tatizo sio ndege, tatizo ni KUPANDA JUU. Ndege ikiwa angani kabini yake haina hewa nzito kama ya Dar, imepunguzwa inakuwa sawa na mtu aliyesimama kwenye mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400. Sasa niambie, Njombe mjini iko mita ngapi? Inacheza kwenye 1,900 na kitu. Mbeya mjini 1,700 hivi. Iringa iko kwenye 1,500 na ushee. Hapa Mafinga nilipo ni zaidi ya Iringa. Yani ukifika kwako ukivua viatu ukakaa sebuleni, presha ya hewa ni ile ile ya abiria aliyeko angani, tofauti ni kwamba yeye atashuka baada ya saa moja na wewe umeshafika, unalala huko huko.

Watu wa pwani hawatakwambia hili kwa sababu kwao kurudi nyumbani ni kushuka kwenye boti. Watalii wanaambiwa kuhusu ndege kwa sababu wanakuja na ndege. Sisi wa huku juu hakuna anayetukumbuka, unaulizwa "una flaiti lini", unasema sina narudi na basi, wanakuambia hamna neno. Hamna neno wapi, kuna ule mlima wa Kitonga kabla ya Iringa.

MnyaluOriginal
Mkuu Mbao hapo unatisha watu. Sisi tumezaliwa juu, damu yetu imezoea hali ya hewa ya huku, mzungu akija anahema sisi tunakimbia. Mwili wa mtu wa Iringa hauwezi kusumbuliwa na Kitonga, tunapita kila wiki.

MbaoMafinga
Mnyalu kuzoea kwako ni kwa ajili ya oksijeni, una chembe nyekundu nyingi damuni ndo maana huhemi. Mimi naongelea naitrojeni, hiyo haina cha kuzaliwa wapi.

Ngoja nieleze taratibu. Umewahi kununua maji Mafinga, ukanywa nusu, ukafunga kizibo, ukifika Chalinze chupa imejikunja kama imekanyagwa? Na krispi za Dar ukifika nazo Makambako pakiti imevimba inataka kupasuka? Hiyo ndo presha, hakuna uchawi. Sasa hiyo tofauti kati ya Dar na huku kwetu haifiki hata robo ya hewa yote. Ukienda chini ya bahari mita 10 tu presha imekuwa mara mbili ya juu. Mita 18 inakaribia mara tatu. Huko chini unavuta hewa ya mtungi kwa presha ile ile, na hewa karibu asilimia 78 ni naitrojeni, mwili hauna kazi nayo, inaingia inayeyuka kwenye damu na mafuta na viungo inakaa. Ukipanda polepole inatoka kwa mapafu kistaarabu. Ukipanda haraka, au ukatoka majini ukaenda tena mlimani kabla haijaisha, inatoka kama mapovu ndani ya mwili. Hapo ndo bega linauma, goti, ganzi, na kwa mwenye bahati mbaya uti wa mgongo.

Kwa hiyo ukitoka majini bado hujamaliza kupanda. Saa kadhaa zote zinazofuata bado uko njiani kwenda juu.

Taratibu za DAN, wale watu wa usalama wa wazamiaji, ni hivi. Ukizama mara moja tu, daivu ya kawaida isiyokulazimisha kusimamasimama njiani ukipanda, subiri saa 12 nzima kabla ya kupanda ndege. Ukizama mara mbili kwa siku au siku mfululizo, saa 18. Zile za kina ambazo lazima usimame njiani ukipanda ni zaidi ya hapo sana, hizo hazikuhusu. Na wao mahesabu yao wanaanzia kwenye urefu wa mita 600 hivi, kwa hiyo Morogoro ambayo iko kama 500 sio kesi, unaweza kulala Moro hata siku hiyo hiyo. Ukianza kuziacha tambarare za Mikumi kwenda Ruaha Mbuyuni ndo unatakiwa uwe umeshamaliza saa zako.

Na hizo saa ni za chini kabisa, sio uhakika. Mi mtu wa kwangu namwambia acha siku nzima, 24, ulale usingizi.

KyelaKwetu
Af kwa nini mtu wa Njombe aende mpaka Zanzibar wakati Nyasa ipo? Maji ya Matema unaona mpaka chini, milima ya Livingstone imekaa pale, samaki wa rangi rangi wale mbuna dunia nzima wananunua kufugia kwenye matenki ya kioo. Hamna chumvi, hamna papa. Watanzania tunapenda vya mbali.

BintiLupembe
KyelaKwetu hata mi niliwaza hivo aisee, Nyasa si chini, sitapanda sana?

MbaoMafinga
Kwa uzuri simbishii Kyela, ziwa lile ni tamu. Ila mambo matatu. Upande wetu mitungi na kompresa ya kujaza hewa ni shida kupata, vituo vya kuzamia viko upande wa Malawi, Nkhata Bay, Cape Maclear na kisiwa cha Likoma. La pili ziwa lenyewe liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 tayari ni kuzamia kwa maji ya juu, mahesabu yanabadilika, kwa hiyo instrakta lazima awe anajua.

La tatu ndo linalonitisha zaidi. Ukitoka Zanzibar una feri, una Dar, una Chalinze na Moro, saa nyingi sana uko chini hata ukitaka kukimbia. Ukitoka Kyela, saa mbili tatu hazijaisha umeshapita Tukuyu uko Isyonje kwenye zaidi ya mita 2,000 unakula mahindi ya kuchoma. Huko Nkhata Bay ni mbaya zaidi, Mzuzu iko kama kilomita 50 tu na imezidi mita 1,200, mtu anazama asubuhi mchana anapanda kostera kwenda Mzuzu anaona ni safari fupi. Karibu na nyumbani kwetu sisi maana yake karibu na mlima. Ukienda Nyasa lala huko huko ufukweni usiku wa mwisho bila kuzama, kula mbasa, ndo uondoke.

Sista_Wodini
Na kichocho usisahau, Nyasa ina konokono wa kichocho sehemu za maji yaliyotulia, hasa Cape Maclear watu wanakipata. Sio mwisho wa dunia, dawa ipo, ila baada ya wiki kadhaa kapime usisubiri mkojo wa damu.

Dada Binti mi ni nesi, niongeze la kwangu. Mwezi wa saba Njombe ni baridi ile ya kuua, kila mtu ana mafua. Ukiwa na mafua usizame. Kuna vijitundu kati ya pua na sikio, presha ikiongezeka lazima upulize kidogo pua imeshikwa ili masikio yafunguke, unafanya hivo kila nusu mita sio mpaka uanze kuumia. Pua ikiziba haifunguki, ukilazimisha unapasua ngoma ya sikio. Na usimeze dawa ya kuzibua pua ukajiona mjanja, inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa inagoma kutoka wakati unapanda, maumivu yake wanayajua waliopitia. Wiki moja kabla jifunike, kunywa chai ya tangawizi, kaa mbali na watoto wa shule 😀

Jambo lingine ni fomu ya afya, ipo mtandaoni, ipakue mapema. Wanauliza pumu, presha, kifafa, kisukari, upasuaji wa kifua, masikio, kama una mimba. Mimba hauzami, hiyo haina mjadala. Ukijibu ndiyo kwenye baadhi ya maswali inabidi daktari asaini, sasa usije ukajua hilo umeshafika Unguja saa kumi jioni unamtafuta daktari. Saini ukiwa Njombe.

BintiLupembe
Dah mmenifungua. Sista asante sana, mafua ninayo hata sa hivi. Kwa hiyo Mbao nipangie basi kaka yangu, na hilo la cheti hujanijibu. Na ile ya usishikilie pumzi nimeisikia mahali ndo nini?

MbaoMafinga
Usishikilie pumzi ndo sheria namba moja, kuliko zote. Ukivuta pumzi mita 10 ukaibana ukapanda juu, hewa ile ile inataka nafasi mara mbili ndani ya mapafu yako. Krispi za Makambako hizo. Vuta toa vuta toa muda wote, hata ukiogopa, hasa ukiogopa. Na kupanda ni polepole, mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, kwenye mita 5 mnasimama dakika tatu kwa tahadhari, mnaelea tu mnaangalia samaki, ndo mnatoka.

Cheti. Kuna ya kujaribu kwa asiye na cheti, wanakufundisha kwanza kwenye bwawa au maji ya kina kifupi, kutoa maji kwenye miwani, kurudisha regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa, mdomoni ikichomoka, halafu unashuka na instrakta kakushika, mwisho mita 12. Kozi kamili ya kwanza inakupeleka mita 18 lakini inataka siku tatu nne, na mtihani wa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Kwa siku ulizonazo ukilazimisha kozi utamaliza Jumamosi jioni na Jumapili uko Kitonga, usifanye hivo. Jaribu kwanza. Ukipenda, nadharia unasoma mtandaoni ukiwa Njombe, mwakani unakuja kumalizia majini tu.

Wapi. Julai kusi inavuma, upande wa mashariki wa Unguja unachafuka, Paje na Jambiani huko waachie wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji. Wewe kaa Nungwi au Kendwa, au hata Mji Mkongwe, miamba ya upande wa magharibi inakingwa na kisiwa chenyewe. Mnemba ni pazuri kweli ila kwa mwezi huo inategemea siku, wakikwambia leo hatuendi usiwalaumu, shukuru. Angalia pia mwezi angani, siku za bamvua maji yanakimbia sana na yanakuwa na vumbi, maji mafu ni rahisi kwa mgeni. Leven Bank na Pemba ukisikia watu wanasifia, ni kweli, lakini sio zako bado. Maji yatakuwa kama nyuzi 25, kwa mtu wa Njombe ni ya kuoga, ila ukikaa chini dakika 40 unatetemeka, vaa wetisuti, ile nguo ya mpira, isiyokupwaya.

Siku sasa. Jumatano usinywe na hao wanunuzi mpaka usiku, kunywa maji. Alhamisi feri ya asubuhi, ni kama saa mbili njiani, mchana Nungwi, jaza fomu, jioni fanya mazoezi ya bwawani. Ijumaa zama, mbili zinatosha kabisa, saa nane mchana umeshatoka. Jumamosi KAVU. Hata wakikupa punguzo usiingie na mtungi. Zunguka mji, kula urojo, panda feri ya jioni kulala Dar. Jumapili saa 12 asubuhi basi la Njombe pale Mbezi, ukifika Kitonga mchana umepitisha saa karibu 48. Hata ndege ungepanda.

ChogoMafia
Kwa kusi nakubali yaishie hapo. Ila Novemba nataka nimuone Mafia, kaskazi ikianza maji yametulia tunatoka nje ya Kinasi Pass, mlango wa Chole Bay, kipindi cha kusi tunabaki ndani ya ghuba tu.

Kipanga_Makambako
Bei jamani, mbona mnaongea kama ni bure

MbaoMafinga
Inatofautiana kituo na kituo, ila daivu mbili Unguja andaa zaidi ya dola 100. Uliza maswali kabla ya kulipa, vifaa vimo au vya kukodi, gari la kukufuata limo, ada ya hifadhi ya Mnemba imo au ya pembeni, na sema wewe ni mkaazi, sehemu nyingine wanapunguza. Mwenye bei ya chini kabisa ufukweni mi simwamini. Muulize anabeba oksijeni kwenye boti? Instrakta mmoja anachukua wageni wangapi wasio na cheti? Mtu akipatwa na yale mapovu, anampeleka chemba ya presha ya kutibia iliyo wapi? Akikujibu kwa kucheka, ondoka. Vituo vizuri wanakujibu kabla hujamaliza swali.

MnyaluOriginal
Haya mkuu nimeelewa la naitrojeni. Swali la kizushi, akipanda Tazara badala ya basi?

MbaoMafinga
Sio la kizushi hata kidogo, ni zuri. Reli inashuka bonde la Kilombero, Ifakara mpaka Mlimba ni chini, inaanza kupanda kwenye mahandaki kuja Makambako. Kwa hiyo unapata saa nyingi zaidi chini kuliko basi. Ila ratiba ya treni uiulize stesheni kwanza, na dada anatakiwa ofisini Jumatatu 😂

Sista_Wodini
Nami nimalizie hapo kwenye dalili maana wengi wanadhani ni uchovu wa safari. Ukiwa ndani ya basi siku moja mbili baada ya kuzama ukasikia kiungo kinauma bila kuanguka, ganzi, miguu mizito, kizunguzungu, madoa kwenye ngozi, mkojo unagoma, usijisemee ni kukaa sana. Kama hujaanza kupanda, usipande. Shuka Moro, nenda hospitali, waambie neno kwa neno nilizamia na mtungi siku fulani saa fulani, omba oksijeni, piga simu kituo ulichozamia wakuunganishe na madaktari wa mambo hayo. Daktari wa huku kwetu anaona malaria na mifupa kila siku, usipomwambia hawezi kuotea. Na dawa za malaria, kama unatumia mefloquine kwa kinga sema mapema, inaleta kizunguzungu na mawenge, wazamiaji wanashauriwa kutumia nyingine.

BintiLupembe
Wakuu mbarikiwe. Nimeshaongea na bosi, nimebadilisha tiketi ya kurudi iwe Jumapili, Jumamosi nimeiandika KAVU kwa herufi kubwa kwenye kalenda. Fomu nimepakua, nina swali moja la masikio nilijibu ndiyo kwa hiyo Jumatatu naenda kwa daktari. Vituo viwili vya Nungwi nimewatumia meseji watsapu yale maswali ya oksijeni na chemba, kimoja kimejibu kila kitu na picha ya boksi la oksijeni juu, kingine kimeniuliza "uko serious sister?" Nimeshajua naenda wapi.

Mume naye sasa anataka kuja, anasema atakaa juu kwenye boti kunilinda.

Kipanga_Makambako
Anakulinda na nani shemeji, na kasa?

MbaoMafinga
Aje, ila mwambie ameze dawa ya kichefuchefu saa moja kabla boti haijatoka, mwezi wa saba wa juu ndo wanaotapika sio wa chini. Na wewe Binti kata kucha, funga nywele vizuri maski isivuje, nywele zikipita chini ya mpira maji yanaingia kila dakika. Ukirudi tuletee majibu ya huyo instrakta, kuna watu wangu wa Mafinga wanataka kwenda Oktoba.